Ukiuliza tairi za matope unajibiwa kwa picha! Mnanikera

Wakuu, leo nina povu, mnivumilie.

Mtu akiuliza achukue tairi ipi ya matope kati ya mbili tatu alizozipata, majibu ni yale yale. Mmoja anatupia picha ya gari lake lililoinuliwa. Mwingine anaandika "hizo ndizo zenyewe mkuu". Wa tatu anaponda kampuni ambayo hajawahi kufunga tairi yake hata moja. Aliyeuliza anarudi kwa muuzaji mikono mitupu.

Na muuzaji ndiye balaa lenyewe. Wangu nilimuuliza kitu kimoja tu: hii inashikaje lami yenye maji? Akanigeuzia tairi nione meno yalivyo makubwa. Meno nayaona, bwana, macho ninayo! Meno hayo yameachiwa nafasi pana ili tope litupwe nje gurudumu likizunguka, na nafasi hiyo hiyo ndiyo inayopunguza mpira unaogusa lami. Mvua ikinyesha, gari linachelewa kusimama na kwenye kona linaanza kutafuta njia yake. Mikato midogo juu ya meno inasaidia sana kwenye lami iliyolowa na kwenye mwamba wenye unyevu. Kuna tairi ya matope inayo kibao, kuna nyingine haina kitu. Hiyo ndiyo tofauti ya kumwambia mnunuzi, lakini wapi! Anaambiwa "hizi ni kali".

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hata penye sheria kuna mwanya. Umoja wa Ulaya unadai tairi ya gari iuzwe na lebo ya mshiko kwenye maji na ya kelele. Lakini ikiwa na alama ya POR ubavuni, inahesabiwa ni ya kazi ya porini na lebo hailazimiki. Ili ipate alama hiyo, kina cha meno kiwe milimita 11 au zaidi, nafasi wazi kati ya meno isipungue asilimia 35, na herufi ya spidi isizidi Q, yaani kilomita 160 kwa saa. Tairi nyingi za matope zinaangukia humo humo. Kwa hiyo tairi yenye shida kubwa zaidi kwenye maji inaweza kuuzwa bila namba hata moja ya kukuonya. Tunabaki kutegemea midomo ya waliozitumia, na midomo yenyewe ndiyo hii ya picha.

Halafu hizi vita za majina. Watu wanatukanana kwa ajili ya majina ya tairi, Cooper na Mickey Thompson, wakati Goodyear iliinunua Cooper mwaka 2021 na Mickey Thompson ikiwa ndani yake. Nitto na Toyo ni nyumba moja. BFGoodrich iko chini ya Michelin. Tukanieni vitu vya maana basi.

Kwa mfano "plai 10". Muuzaji anaitamka kama kiapo. Ile ni daraja ya uwezo wa kubeba, herufi E. Ukipasua ubavu hutakuta tabaka 10 za nyuzi. Ukiifunga kwenye gari jepesi unapata tairi nzito, ngumu, inayodunda, na hata ukipunguza upepo bado ubavu unagoma kulala vizuri. Anayebeba mzigo mzito aichukue. Wa gari tupu la matembezi anaibebea nini?

Saizi nayo ni hivyo hivyo. Ukitoka 265/70R17 kwenda 285/70R17 kipenyo kinaongezeka kama asilimia 3.5, kwa hiyo mshale ukisoma 100 wewe uko karibu 103 na nusu. Ni kidogo, sawa. Lakini je, itagusa bodi ukikata usukani mpaka mwisho? Na spea? Wanakuuzia 4, ya tano inabaki ile ndogo ya zamani, kwenye gari ambalo fo-wili yake haizimwi. Siku ya pancha unatembea na kipenyo tofauti upande mmoja, difu ya kati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, inasaga muda wote. Hilo nalo mpaka uulize.

Na hakuna anayeuliza tope lenyewe ni la aina gani! Tope jepesi lenye ardhi ngumu chini linataka tairi nyembamba ikate mpaka iguse chini. Tope lisilo na mwisho linataka pana, upepo umeshushwa, ielee. Mfinyanzi unanata, unataka nafasi kubwa na gurudumu lizunguke kwa kasi lijisafishe. Kwenye mchanga meno haya yanachimba tu, unajizika mwenyewe huku ukikanyaga mafuta. Mtu mwenye safari nyingi za lami na tope la mara moja moja angeambiwa mapema achukue za mchanganyiko (za lami na porini pamoja), lakini hizo hazipendezi kwenye picha, si ndiyo?

Sasa anayejibu hapa aje na saizi, namba ya mzigo, gari gani, tope gani, na zilivyokuwa kwenye mvua zilipofika nusu ya meno. Na tarehe ya kutengenezwa, zile tarakimu 4 za mwisho za namba ya DOT iliyochapwa ubavuni, wiki na mwaka, maana kuna wanaouziwa "mpya" iliyozeekea stoo.

Mwenye picha tupu apite kimya kimya.