Njia ya mawe imetitia, ngazi zinacheza: nizibe au nifumue?

Jiwe_Bapa: Wakuu, njia ya mawe ya asili, urefu mita 9, upana mita 1, inaishia kwenye ngazi za vidato vinne. Mawe yamelazwa juu ya mchanga, ila viungo vimejazwa saruji. Saruji inabanduka vipande vipande, mawe kadhaa yametitia na kidato cha chini kinacheza ukikikanyaga. Kuziba nyufa kutatosha?

Mwiko: Utapoteza saruji bure. Mchanga unasogea, saruji haisogei, lazima ipasuke tena. Ukilaza kwenye mchanga, jaza viungo kwa mchanga au vumbi la kokoto. Ukitaka viungo vya saruji, chini kuwe na zege. Mawe ya unene wa sm 4 na zaidi yanafaa mchanga. Membamba yatakatika bila zege la sm 10.

Piga picha, andika namba kwa chaki, kisha ng'oa. Chimba sm 22 hivi na uondoe mizizi yote. Mwaga kokoto zenye vumbi lake, sm 15 baada ya kushindiliwa, kwa tabaka mbili, kila moja ukiinyunyizia maji kidogo. Ukimwaga zote kwa pamoja, juu patakaza na chini patabaki huru; mawe mengi hutitia kwa sababu hiyo. Hesabu ni mita za ujazo 1.35, lakini agiza 1.7 maana zitashuka. Juu yake mchanga wa chembe kubwa sm 3. Mteremko sm 2 kwa kila mita, maji yaende mbali na nyumba.

Pima_Maji: Ngazi fumua zote, usiguse kidato cha chini peke yake. Vimo vilingane, sm 15 hadi 18. Kidato kimoja kikizidi hata sm 2, watu watajikwaa hapo kila siku. Anza chini, juu ya zege, maana hicho ndicho kinachobeba vingine. Jiwe la juu likalie la chini angalau sm 5, na uso wa kila kidato uinamie mbele kidogo, maji yasituame. Mota, yaani mchanganyiko wa kulazia mawe, iwe 1:4: saruji sehemu moja, mchanga sehemu nne. Lowesha jiwe, paka uji wa saruji mgongoni, gonga kwa nyundo ya mpira. Likilia kama debe tupu, linyanyue papo hapo uongeze mota.

Jiwe_Bapa: Na mchanga wa viungo usisombwe na mvua?

Mwiko: Tumia vumbi la kokoto, lina chembe zenye kona, hushikana. Fagilia likiwa kavu, nyunyizia, rudia likishuka. Viungo visizidi sm 2, na pembeni weka mawe ya kingo.

Pima_Maji: Mchanga wa baharini usiutie kwenye mota, chumvi yake hutoka nje na kuacha madoa meupe. Ngazi zimwagilie siku saba.