Kasino za kripto na "haki inayothibitika": tunathibitishiwa mchezo au mlipaji?

Fundi wa Aggrey
Wakuu, salaam. Wiki iliyopita alikuja kijana kibandani kwangu Kariakoo na simu yenye kioo kilichopasuka. Nikajua ni kazi ya kioo. Kumbe simu kaibamiza ukutani mwenyewe, na anachotaka ni nimsaidie "kuingia kwenye mfumo" wa kasino fulani ya mtandaoni inayochezwa kwa kripto (hela za kidijitali), amjue aliyemla. Alinunua USDT, kripto inayofuata thamani ya dola, za laki tatu kwa mtu, akalipia kwa simu, akacheza ule mchezo wa namba inayopanda. Unaweka dau, namba inaanza 1.00 na kupanda, unatakiwa utoe hela kabla haijalipuka. Usiku mmoja laki tatu zikaisha.

Tukafungua akaunti yake. Kila raundi ina kitufe kinachosema matokeo yake yanaweza kuthibitishwa kuwa ya haki. Ukibonyeza yanamwagika maherufi na namba 64 zisizosomeka. Kijana akaniuliza, "Fundi, hii ndiyo risiti?" Nikakosa la kumjibu.

Naleta kwenu. Ile ni haki kweli, au ni mzani wenye stika ya Wakala wa Vipimo huku muuzaji kaweka kidole chini ya sahani? Mimi msimamo wangu ni kwamba ni geresha. Nishawishini vinginevyo.

Mkeka Mzima
Mleta mada ndiye kaliwa, anamsingizia mteja 😂

Dada wa Kodi
Fundi, kwenye geresha nakupinga. Naandika programu kwa riziki, niko Kijitonyama, na hii hesabu naijua. Ngoja nikupe bila maneno magumu.

Tuseme mimi na wewe tunacheza kete kwa simu. Mimi ndiye narusha, wewe hunioni. Utaniaminije? Tunafanya hivi: kabla hujaweka dau naandika namba yangu ya siri kwenye karatasi, naifunga kwenye bahasha, nakukabidhi bahasha. Siwezi tena kuibadilisha, na wewe huwezi kuichungulia. Halafu wewe unataja namba yako. Tunachanganya zote mbili, jibu ndilo kete. Tukimaliza unafungua bahasha na kurudia hesabu mwenyewe.

Zile herufi 64 ndizo bahasha. Kitaalamu inaitwa heshi, na inayotumika sana ni SHA-256. Badilisha herufi moja tu ya siri ya ndani, heshi yote inabadilika, na hakuna anayejua njia ya kutoka kwenye heshi kurudi kwenye siri. Namba yangu ndiyo "mbegu ya seva", yako ni "mbegu ya mchezaji", kisha inaongezwa namba ya raundi. Wazo hili limeenea tangu enzi za michezo ya mwanzo ya kete za Bitcoin kama Satoshi Dice, mwaka 2012. Kwa hiyo mzani wa buchani na huu si sawa. Huu unaweza kuupima wewe mwenyewe ukiwa nyumbani.

Fundi wa Aggrey
Nimekuelewa dada, na bahasha nimeipenda. Ila yule kijana hakutaja namba yoyote. Namba yake ilichaguliwa na nani?

Dada wa Kodi
Hapo umegusa penyewe. Kama kasino inaijua namba yako kabla haijafunga bahasha yake, inaweza kujaribu bahasha elfu moja kimyakimya na kukupa ile inayokuumiza. Heshi italingana, uthibitisho utapita, na umeshapigwa. Ndiyo maana kwenye michezo ya mtu mmoja mmoja unatakiwa uandike mbegu yako mwenyewe baada ya kuonyeshwa heshi. Wengi hawagusi hapo.

Mchezo wa namba inayopanda ni wa watu wengi kwa pamoja, kwa hiyo unafungwa tofauti. Kindege tunachokijua wote, mchezo wa Aviator wa kampuni ya Spribe, kinachanganya mbegu ya seva na mbegu za wachezaji watatu wa kwanza kuweka dau kwenye raundi. Mingine ya kripto inatengeneza mnyororo mrefu wa heshi kuanzia raundi ya mwisho kurudi ya kwanza, kisha inatangaza kwamba itauchanganya na heshi ya bloku fulani ya Bitcoin (ukurasa mpya wa daftari lake la miamala) ambayo siku hiyo bado haijachimbwa, yaani haijatengenezwa. Hakuna aliyeijua, hata kasino. Huo ni ufundi mzuri jamani, tuwape haki yao.

Ila angalizo. Kwenye kasino hizohizo kuna sloti, ile michezo ya picha zinazozunguka, za kampuni nyingine, na hizo kwa kawaida hazina bahasha. Unategemea cheti cha maabara kama GLI au eCOGRA. Na zipo sloti zinazotolewa na mtengenezaji zikiwa na viwango tofauti vya kurudisha (sehemu ya madau inayorudi kwa wachezaji), mwenye kasino anachagua kipi aweke. Jina lilelile, picha zilezile, kiwango kingine. Kama kuna jambo moja la uwazi linalonikera mimi, ni hilo.

Msela wa Rangi Tatu
Dada, mimi nilinunua "prediktor" Telegram kwa elfu 50. Wanasema inasoma seva na kukwambia kitalipuka ngapi. Raundi tatu ikapatia, baada ya hapo ikanipeleka chaka.

Dada wa Kodi
Pole kaka. Bahasha inayokuzuia wewe kuchungulia inamzuia na yeye. Akiweza kusoma kilicho ndani kabla ya muda, asingekuwa anahangaika na elfu 50 zako.

Mkeka Mzima
Sasa si mmesikia? Hesabu inakaguliwa na mtu yeyote. Mnataka nini tena, askari kila raundi? Na msiniambie habari za usimamizi wa serikali. Marekani kulikuwa na jamaa anaitwa Eddie Tipton, mkuu wa usalama wa mifumo katika shirika linaloendesha bahati nasibu za majimbo. Ana kitambulisho, ana mshahara, mitambo imekaguliwa. Akapenyeza msimbo wake wa programu kwenye kompyuta ya kuchezesha namba, kwamba siku fulani za mwaka namba zitoke kwenye kundi dogo analolijua yeye. Tiketi ya Iowa ya Desemba 2010 ilikuwa ya dola milioni 16.5. Alihukumiwa 2017, kifungo cha hadi miaka 25. Bahati nasibu halali kabisa, na hakuna mchezaji aliyekuwa na kitufe cha kuthibitisha. Bora kasino yenye bahasha kuliko bodi yenye mhuri.

Fundi wa Aggrey
Mkeka, mfano wako mzuri lakini malizia. Yule jamaa alikamatwa kwa sababu kulikuwa na shirika lililokataa kulipa tiketi ya utata, wapelelezi walioitafuta video ya dukani, na mahakama. Bahasha ya dada ingezuia wizi wa namba, sawa. Lakini aliyekuwa na pa kwenda kushtaki ni nani? Twende huko.

Wakili wa Mchongo
Mimi si wakili, sheria nazisoma nikiwa nimesimama kwenye mwendokasi. Ila hapa pana jambo.

Nyumbani tuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Kampuni yenye leseni ya Bodi ikikugomea, unajua mlango wa kugonga. Unaweza kuzungushwa, lakini mlango upo. Kasino nyingi za kripto hazina leseni hiyo. Zimekaa sana Curaçao, kisiwa cha Karibi, ambako kwa miaka mingi kulikuwa na wenye leseni kuu wachache waliokuwa wakiwagawia wengine leseni ndogo chini yao. Sheria mpya ya huko imeanza Desemba 2024 na kuuondoa mpango huo. Tusubiri tuone.

Kripto yenyewe? Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba si malipo halali nchini. Juni 2021 Rais Samia akaitaka Benki Kuu ianze kujiandaa na teknolojia hiyo. Mwaka 2024 Sheria ya Fedha ikaweka zuio la kodi la asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Maana yake mtoza kodi ameshaiona hela yako. Wa kukusikiliza ikipotea bado hajateuliwa. Kasino ikikaa na USDT zako, utakwenda kulalamika Willemstad, mji mkuu wa Curaçao, kwa basi gani?

Msela wa Rangi Tatu
Hapo wakili umenigusa kwenye donda. Siyo kwamba kila siku nalizwa. Mwaka jana nilishinda. Kama 640,000 kwa hela yetu. Kuweka hela kulichukua sekunde hazifiki 40, hakuna aliyeniuliza jina. Kutoa sasa: leta NIDA, nikaleta. Leta picha umeshika NIDA, nikapiga. Leta karatasi ya umeme yenye jina lako. Mimi nimepanga chumba, luku inasoma jina la mama mwenye nyumba! Siku ya 19 wakajibu kwamba nchi yangu hairuhusiwi kwa mujibu wa masharti, akaunti imefungwa. Nilipokuwa naweka, nchi yangu iliruhusiwa.

Raundi niliyoshinda bado ipo na heshi yake. Inathibitika vizuri tu.

Dada wa Kodi
Kaka, hapo sina la kutetea. Bahasha inathibitisha namba iliyotoka. Haithibitishi kwamba utalipwa, wala kwamba masharti hayatasomwa upya ukishinda, wala kwamba wale "wachezaji" wanaotoa mamilioni kwenye orodha ya pembeni ni watu. Kuna miradi inayoshikilia dau ndani ya mkataba janja, yaani programu iliyo kwenye bloku-cheni (daftari la pamoja la kripto), ukishinda inakulipa yenyewe. Lakini kasino kubwa nyingi zinashika hela yako kwenye mfuko wao, na unachokiona kwenye skrini ni ahadi.

Mzee wa Magomeni
Wanangu, mnazunguka mno. Suratul Maida aya ya 90 imeitaja kamari sambamba na pombe, na haikuuliza kama bahasha ilifungwa vizuri. Ujana wangu tulicheza karata chini ya mwembe, na mimi nilikuwemo, Mungu anisamehe. Ukiliwa ulimjua aliyekula na nyumbani kwake ulikujua. Mkewe akimwonea huruma mkeo, unga ulirudi. Huyu wa kwenu anakaa wapi?

Fundi wa Aggrey
Shikamoo mzee. Huyu wa kwetu hakai popote, ndiyo shida yenyewe.

Mkeka Mzima
Mzee heshima yako. Ila wengine tunacheza kwa akili. Mimi naanza na buku, natoa kwenye 2.00. Nikiliwa nazidisha mara mbili mpaka nirudishe. Siku mia moja sijawahi kukosa ya supu.

Dada wa Kodi
Mkeka, mchezo huo unarudisha asilimia 97, kama kindege. Kwa hiyo nafasi ya kufika 2.00 ni asilimia 48.5, ya kuliwa 51.5. Ukizidisha, madau yako yanakwenda 1,000, 2,000, 4,000, 8,000, 16,000, 32,000, 64,000. Ukiliwa saba mfululizo umeacha 127,000. Saba mfululizo zinatokea kama mara moja katika kila safari 104 unazoanza. Safari 103 zinakuletea buku buku, jumla 103,000. Ile moja inachukua 127,000. Wala kasino haina haja ya kukuibia. Inakusubiri tu.

Na kasi. Kasino ya mezani watu wanakunywa soda, gurudumu linazunguka taratibu. Huku raundi inaisha kabla hujameza mate. Ile asilimia 3 inayobaki kwa kasino haikatwi kwenye mtaji wako, inakatwa kwenye kila dau, na hela ileile inapita mlangoni mara ishirini kwa usiku mmoja.

Mkeka Mzima
Nitaipiga hiyo hesabu mwenyewe.

Dada wa Kodi
Ndiyo raha yake, inakaguliwa na mtu yeyote 😊

Fundi wa Aggrey
Narudi na mrejesho. Kijana alikuja jana jioni, nikamtumia dada historia ya raundi zake zote, 412. Dada kazikagua kwa programu yake mwenyewe, hakutumia ya kasino.

Zote zimelingana. Hakuna hata moja iliyochezewa. Kwa hiyo kwenye geresha nilikosea, nafuta kauli.

Tukajumlisha na madau. Laki tatu zake zilizunguka mpaka zikafika madau ya milioni 8.3. Kwenye ukurasa wa maelezo, chini kabisa, imeandikwa kwamba mchezo unabakiza asilimia 3. Asilimia 3 ya milioni 8.3 ni 249,000. Yaani kati ya laki tatu, karibu laki mbili na nusu ni bei ya kucheza, na iliandikwa tangu mwanzo. Iliyobaki ndiyo bahati mbaya.

Nilimweleza taratibu. Alikaa kimya kwenye stuli, watu wanapita na mizigo. Mwishowe akasema, "Kwa hiyo nimeliwa kihalali?" Nikamwambia za kwenye mchezo, ndiyo. Akauliza kioo ni shilingi ngapi.

Mkeka Mzima
Ukamtajia ngapi?

Fundi wa Aggrey
35,000. Kasema mwisho wa mwezi.

Mzee wa Magomeni
Orijino au kopi?

Fundi wa Aggrey
Kopi, mzee. Nimemwambia kabla hajalipa.