Okestra ya vijana: nani akae kiti cha mwisho?

MLETA MADA

Wakuu, kondakta ninayemzungumzia hapa si wa basi. Ni yule anayesimama mbele ya okestra na kijiti mkononi, mgongo kwa watazamaji. Nitamwita mwongozaji ili tusichanganyane.

Hoja yangu ni moja, na najua itaniletea kelele. Mwongozaji wa okestra ya vijana asipange wapiga nyuzi kwa uwezo, hodari mbele na wanaojikongoja nyuma, kisha akawaacha hivyo mwaka mzima. Viti vizungushwe.

Nimefundisha violini miaka kadhaa nikiwa mwalimu msaidizi, yaani yule anayepita katikati ya viti wakati mwongozaji yuko jukwaani. Msimu mmoja nilikuwa nyuma kabisa ya violini za pili, yaani kundi la pili la wapiga violini, nikainama kumwokotea penseli binti wa miaka 12. Sikio langu likawa karibu na chombo chake. Upinde unapanda, unashuka, sambamba na wa wenzake; vidole navyo vinatembea. Sauti hakuna. Nikagusa nywele za upinde: laini, hazina ulimbo hata chembe. Kwa wasiojua, upinde usiopakwa ulimbo, au rozini kama wengine wanavyouita, huteleza tu juu ya uzi. Nikamnong'oneza, ulimbo wako umeisha? Akasema upo kwenye kasha. Sasa mbona hupaki? Akanitazama kama nimeuliza jambo la wazi kabisa.

"Ili nisiharibu, mwalimu."

Alikuwa hivyo wiki tisa. Mwongozaji hakujua, mimi sikujua, na katikati ya hizo wiki tulipiga tamasha dogo likasifiwa.

Tangu siku hiyo nimekitazama kiti cha nyuma kwa jicho jingine. Tunamweka mtoto pale tukidhani tunamsitiri, kumbe tumempa kazi ngumu kuliko ya yeyote. Piga hesabu nami. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Mtoto aliye mita 12 kutoka kwa kiongozi wa violini humsikia baada ya takriban sekunde 0.035. Akimfuata kwa sikio, sauti yake huchukua muda kama huo huo kurudi mbele. Kule wanamsikia amechelewa sekunde 0.07. Muziki ukienda mapigo 120 kwa dakika, noti nne kwa kila pigo, noti moja ina sekunde 0.125. Kwa hiyo mtoto aliyesikiliza vizuri na kupiga sawasawa na alichosikia ameonekana mzembe kwa zaidi ya nusu ya noti! Ndiyo maana wapigaji wazoefu wa nyuma hutegemea macho: kijiti, na upinde wa kiongozi wao. Sasa mtoto wetu ana vichwa saba mbele yake na bado anahangaika kusoma nota. Atatazama saa ngapi?

Pendekezo langu: kila tamasha likiisha, wapangwe upya. Anayejua akae na anayejifunza kwenye stendi moja, yaani kile kishikio cha nota ambacho wapigaji wawili hukitazama pamoja. Mbele wabaki kiongozi na mwenzake tu. Wengine wote wazunguke. Karibuni.

MPIGA TARUMBETA

Mleta mada umeongea vizuri ila umeongea kama mtu wa nyuzi. Violini kumi wanapiga noti ileile, mmoja akijificha hajulikani. Huku kwetu tarumbeta ya kwanza ni mtu mmoja, noti zake ni zake. Ukinizungushia mtoto ambaye midomo yake haijakomaa ukampa noti za juu dakika arobaini, hujamjenga. Unamuumiza, na keshokutwa hapigi kabisa. Midomo ni misuli.

Tena mimi ni zao la ushindani. Nilipokuwa kijana tulikuwa na utaratibu ambao shule nyingi za Marekani wanao hadi leo: wa kiti cha tatu anaweza kumdai wa kiti cha pili nafasi yake. Wanapiga kipande kilekile, mwalimu anaamua, wanabadilishana au wanabaki. Nilidai mara nne, nikashindwa mara tatu. Bila ile hasira nisingekuwa nafanya mazoezi usiku. Leo tunawalea watoto kwenye pamba halafu tunashangaa hawawezi kusimama kwenye usaili.

MLETA MADA

Mkuu, kwenye shaba na mbao, yaani tarumbeta, filimbi na vyombo vingine vya kupuliza, nimekubali, ndiyo maana niliandika "wapiga nyuzi". Ingawa hata huko mnaweza kubadilishana kipande kwa kipande: huyu apige ya kwanza kwenye muziki mwepesi wa gwaride, yule kwenye kazi ndefu.

Lakini nikuulize kitu. Ulidai mara nne, ukapata mara moja. Yule uliyemwangusha yuko wapi sasa?

MPIGA TARUMBETA

Aliacha. Sijawahi kumfikiria mpaka umeniuliza, na siyo kwamba nimebadili msimamo.

MZAZI

Naomba nichangie japo sijui kusoma nota. Kilichoniudhi mimi siyo kiti, ni nani anakigawa. Okestra aliyokuwemo mwanangu mtu mmoja ndiye aliyefanya usaili, akapanga viti, akateua wa kupiga peke yake mbele ya watu, akaandika barua za kuombea ufadhili wa masomo. Mtoto akipishana naye kauli leo, kesho jina lake limeshuka safu mbili kwenye karatasi ya ukutani. Ukiuliza unaambiwa "ni uamuzi wa kisanii". Kisanii! Sisi wazazi tukawa tunamchekea yule bwana kama ameshika funguo za mbinguni.

Na hili si la kuchezea. Uingereza tume huru iliyochunguza unyanyasaji wa watoto kingono ilitoa ripoti kuhusu shule za bweni mwezi Machi 2022, na shule maalumu za muziki zilitajwa waziwazi: masomo ya mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja, mwalimu mwenye jina kubwa, mustakabali wa mtoto uko mkononi mwake. Sisemi kila mwongozaji ni mhalifu, la hasha. Nasema mamlaka ya namna hiyo hayafai kuwa ya mtu mmoja, hata awe malaika.

MWONGOZAJI

Basi na mimi niliye jukwaani niseme, maana nimeshageuzwa Firauni.

Nina mazoezi kumi kabla ya tamasha. Wapigaji 62. Vitabu vinasema mtoto kwanza. Ukumbi, wafadhili na nyie wazazi mnataka muziki. Safu ya mbele ndiyo injini. Mpigaji wa safu ya pili akiingia kimakosa, walio nyuma yake wote wanamfuata, maana wanatazama upinde wake, kama alivyoeleza mleta mada mwenyewe. Kwa hiyo hesabu yake ya sekunde 0.035 inanitetea mimi! Kama nyuma hawasikii vizuri, mbele ndiko kunatakiwa watu wa uhakika zaidi.

Halafu kuna mtoto ambaye hamjamtaja hata mmoja wenu: yule aliyefanya mazoezi kwa saa mbili kila siku. Naye ni mtoto. Nikimkalisha mwaka mzima na mtu asiyefungua kasha lake tangu Jumamosi iliyopita, ataondoka, na nimeshawaona wakiondoka. Aibu ya tamasha bovu nayo haichagui: wote wanaijua, hata wa mwisho anajua kwamba wamepiga vibaya.

Mtazameni José Antonio Abreu kule Venezuela. Alianza mwaka 1975 na vijana wachache, ikawa mtandao wa okestra nchi nzima, El Sistema. Mazoezi karibu kila siku, nidhamu, wakubwa wanawafundisha wadogo. Humo ndimo alimotoka Gustavo Dudamel, akawa kiongozi wa muziki wa okestra ya Los Angeles mwaka 2009 akiwa na miaka 28. Hakulelewa kwenye pamba.

MWALIMU WA KWAYA

Kwetu mwenye sauti ya uhakika anasimama katikati ya wanaoyumba, si mbele yao. Anayeyumba anasikia sikio la kulia na la kushoto, anapona. Hatukusoma popote, tuliona tu inafanya kazi.

MLETA MADA

Mwalimu wa kwaya umenisaidia kumjibu mwongozaji kwa mistari mitatu, ahsante.

Mwongozaji, nakuheshimu, na habari ya injini nimekuelewa. Ndiyo maana stendi ya kwanza nimekuachia. Lakini umechukua hesabu yangu ukaishia nusu njia. Kama mbele panahitaji uhakika, nyuma panahitaji uhakika huohuo, kwa sababu wa nyuma asiye na jirani wa kumwegemea hana wa mbele wala wa pembeni. Weka mpigaji mmoja imara kila stendi, mpaka ya mwisho. Anayekaa upande wa watazamaji anaendelea kupiga, mwenzake wa ndani anageuza kurasa. Wiki ijayo wabadilishane. Mtoto hodari anayeondoka kwa sababu amegeuza kurasa za mwenzake msimu mmoja, na aende kwa amani. (Hapo nimekuwa mkali, najua.)

Kuhusu El Sistema, tusichague upande mmoja wa habari. Mtafiti Geoffrey Baker alichapisha mwaka 2014 uchunguzi uliowauma wengi: alieleza mfumo wa amri kutoka juu, mwongozaji hahojiwi, tamasha likimeza kila kitu. Mwaka 2017 ukatoka utafiti mwingine, wa watoto 2,914 wa miaka 6 hadi 14 katika vituo 16, waliogawanywa kwa bahati nasibu: hawa waingie sasa, hawa wangoje mwaka. Watoto walioingia mapema walionekana kujizuia vizuri zaidi na kupunguza matatizo ya tabia. Hiyo ni faida, siipuuzi. Ila utafiti huohuo ulionyesha kwamba waliojiunga kwa wingi hawakuwa wale maskini ambao mradi unajulikana kwao. Na hakuna mahali ulipolinganisha mtoto wa kiti cha mbele na wa kiti cha nyuma. Dudamel tunamjua kwa jina. Wa stendi ya mwisho hatuna namba yao.

Na kama ni mifano, nami ninayo. Okestra ya Orpheus ya New York, tangu mwaka 1972, inapiga bila mwongozaji, na kiti cha kiongozi wa violini wanakizungusha kipande hadi kipande. Wale ni watu wazima wa kulipwa, wanaishi kwa kazi hiyo, na haijawashusha. Mwongozaji Daniel Barenboim na mwandishi Edward Said walipokusanya vijana wa Kiarabu na Waisraeli mjini Weimar mwaka 1999, moja ya habari zilizosimuliwa sana ni ya wapiga selo (ndugu mkubwa wa violini) wawili, Msiria na Mwisraeli, kwenye stendi moja: noti ileile, upinde uende upande uleule, sauti ifanane. Fikiria kama wangepangwa kwa madaraja tu.

Mzazi, kwako sina la kupinga. Viti vikizunguka, karatasi ya ukutani inapoteza makali. Kwa nafasi za kupiga peke yako, pazia lipo: okestra kubwa za Marekani zilianza kulitumia kwa mapana miaka ya 1970 na 1980, msailiwa anapiga asionekane, na mahali pengine wanatandika zulia ili hata viatu visisikike kama ni vya kike au vya kiume. Kitambaa hakina gharama. Na wasikilizaji wawe watatu, asiwe mtu mmoja.

MWONGOZAJI

Pazia nalikubali, hata nililifikiria. Kuzungusha viti nitajaribu kwenye violini za pili tu, tamasha moja. Nikiharibikiwa nitakuja hapa kuwatukana wote.

MPIGA TARUMBETA

Kwanini violini za pili tu? Au hao ndio wa kuharibiwa?

MWONGOZAJI

Umenikamata. Nitafikiria.

MPITA NJIA

Nimesoma mjadala wote kwa sababu ya yule binti wa ulimbo halafu mkamsahau. Aliendelea au aliacha?

MLETA MADA

Tulimhamishia stendi ya tatu, pembeni ya kijana mmoja mkimya anayepiga vizuri. Sikumwambia mwongozaji sababu. Mazoezi yaliyofuata alipaka ulimbo mwingi mpaka vumbi jeupe likajaa kwenye sketi, na akaingia vipimo viwili vya muziki kabla ya wenzake, peke yake, ukumbi mzima kimya. Mwongozaji akasimamisha kijiti akauliza, nani huyo? Yule kijana akainua mkono akasema ni yeye.