Mrejesho: Ndoa ya dada yangu Uingereza imeshasajiliwa

Ndugu zangu, niliuliza kama nikahi aliyofungishwa dada yangu sebuleni kwa shemeji, Leicester, inatambuliwa na serikali ya kule. Mlionijibu kuwa haitambuliki mlikuwa sahihi.

Mbele ya Mungu ni mke, wala hilo sibishani na mtu. Ila kisheria alikuwa kama mpangaji tu. Nyumba ina jina la mume peke yake. Wakiachana, mahakama isingempa haki za mtalaka, na mume akifariki bila wosia, asingerithi kama mke. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ya kule ilishughulikia kesi ya wanandoa waliofunga nikahi mgahawani London mwaka 1998, wakazaa watoto wanne, na ikaamua kwamba ile haikuwa ndoa kisheria, wala hata ndoa batili ambayo mahakama huibatilisha rasmi na mke akaweza kudai haki zake. Miaka yote ile! Iliniuma sana kusoma.

Shemeji, namshukuru, hakuleta ubishi. Walikwenda wote wawili ofisi ya usajili wa ndoa kutoa taarifa, wakasubiri siku 28 zinazotakiwa, kisha wakafunga ndoa mbele ya msajili na mashahidi wawili. Cheti anacho mkononi.

Na yule dada aliyeuliza kuhusu nikahi yake ya Unguja: hali yako ni tofauti. Ndoa iliyofungwa kihalali nchini kwetu kwa kawaida inatambuliwa kule, basi tunza cheti chako vizuri.