Machicha ya kahawa: ninunue pipa la mboji, mbegu za uyoga, au niyakaushe tu?

Mwana wa Ilala
Wakuu, habari za jioni. Napata machicha ya kahawa kila siku, mengi tu, na roho inauma kuyamwaga. Nimebaki na njia tatu: pipa la kutengenezea mboji, mbegu za uyoga, au kuyakausha yawe ya kuondoa harufu kwenye friji na ya kusugulia masufuria. Hela inatosha jambo moja na muuza mapipa anataka jibu Jumamosi. Ipi inalipa?

Shambani Kidogo
"Mengi tu" ni ndoo au kikombe? Ya dele au ya mashine? Una uwanja au uko ghorofani? Bila hayo tutakupigia ramli.

kahawa_chungu
Na kama ni ile kahawa ya kuyeyuka, funga uzi. Ile haiachi kitu.

Mwana wa Ilala
Samahanini. Ya dele, ina tangawizi. Kahawa kavu kilo moja kwa siku. Nyuma ya nyumba kuna uchochoro wa mita mbili, saruji tupu.

Shambani Kidogo
Kilo moja kavu inakupa kilo mbili hivi zilizolowa, maana machicha yananywa maji sana. Kwa wingi huo chukua pipa. Lita 200, toboa matundu ya nusu inchi pembeni na chini, linyanyue juu ya matofali.

Kipimo ni cha ndoo, si cha kilo: ndoo 1 ya machicha, ndoo 1 ya maganda ya jikoni, ndoo 3 za majani makavu au maranda. Wengi wanakosea hapa. Wanaona rangi ya kahawia wanadhani machicha ni "kikavu". Siyo. Kaboni yake kwa naitrojeni ni kama 20 kwa 1, yaani naitrojeni ni nyingi, kwa hiyo yanahesabika pamoja na majani mabichi. Ukijaza machicha matupu yanashikana kama udongo wa mfinyanzi, hewa haipiti, siku ya tano pipa linanuka. Geuza mara moja kwa wiki. Ukikamata konzi na kuminya, litoke tone moja au mawili, basi.

Bi Mkubwa wa Tanga
Kwa nini apoteze hela ya pipa? Amwagie minyanya moja kwa moja. Kahawa ina tindikali, nyanya zinapenda.

Shambani Kidogo
Shikamoo Bi Mkubwa, lakini hapo tunapingana. Sehemu kubwa ya tindikali huondoka na maji, mnaimaliza kwenye kikombe. Yanayobaki mara nyingi huwa na tindikali kidogo tu. Ukiyamwaga mazito juu ya kopo yanakauka, yanafanya gamba, maji yanateleza pembeni na mizizi inabaki kavu huku ukiamini umemwagilia. Kama lazima, yasizidi sentimita moja, juu yake weka majani makavu. Na kwenye kitalu usiweke kabisa, kafeini iliyobaki inazuia mbegu kuota.

Bi Mkubwa wa Tanga
Marahaba. Na konokono je? Hizo zinakimbia kahawa, hilo hunibishii.

daktari_wa_mimea
Linabishika. Mwaka 2002 watafiti wa Hawaii walichapisha katika jarida la Nature kwamba mmumunyo wa kafeini wa asilimia 1 hadi 2 unaua konokono. Kahawa ya kikombe haifiki hata karibu na hapo, na machicha ndiyo yamekwisha kuchujwa. Ya dele yaliyochemka muda mrefu ndiyo kabisa.

kahawa_chungu
Inategemea ni kahawa gani. Robusta ya Kagera ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro. Mleta uzi, yako ni ipi?

Fundi Bomba
Mkiwa mnabishana konokono, niseme la muhimu: yasiingie kwenye sinki. Kuna sinki moja dele lilikuwa linasuuzwa humo kila asubuhi. Kwa wiki kadhaa maji yalishuka vizuri. Machicha hayayeyuki, yanatulia kwenye ile kona ya bomba inayobaki na maji chini ya sinki. Jioni yakashuka mafuta ya mchuzi, yakaganda juu yake, asubuhi yakaja mengine. Wakamwaga maji ya moto: mafuta yakayeyuka, yakaenda kuganda mita tatu mbele, ndani ya ukuta. Kufungua kona ni dakika kumi, bisibisi huhitaji. Kuvunja ukuta ni habari nyingine. Kilichotoka kilikuwa cheusi, kigumu kama lami, na bado kinanukia tangawizi. Chuja dele kwa kitambaa kabla ya kusuuza. Na machicha ya nazi vilevile.

Mama Uyoga
Mimi natetea uyoga, ila kwa masharti. Machicha yatumike ndani ya saa 24, yakilala zaidi ukungu unakutangulia. Changanya nusu kwa nusu na mabua ya mpunga yaliyokatwa vidole viwili na kulowekwa kwenye maji ya moto saa nzima, nyuzi 65 hadi 80. Yapoe kabisa. Mbegu gramu 100 kwa kila kilo ya mchanganyiko uliolowa. Jaza mfuko, toboa, weka gizani hadi weupe uenee wote, wiki mbili au tatu. Ukiona kijani, mfuko wote nje, usijaribu kukata kipande.

Shida ya uchochoro wa Dar ni joto. Omba mbegu za mamama (aina ya uyoga) zinazovumilia joto, la sivyo mfuko unajipika.

Shambani Kidogo
Mfuko ukimaliza kuzaa bado unaingia kwenye pipa.

Mama Uyoga
Naam, ila hela yake ni ya jambo moja.

jiko_safi
Njia ya tatu haihitaji hela, mbona mnaipita? Tandaza kwenye sinia, unene usizidi sentimita moja, jua kali siku mbili, geuzageuza. Yakiwa hayashikani vidoleni, bakuli dogo ndani ya friji. Mabichi usiweke, yanaota ukungu. Kusugulia: sufuria za alumini sawa, zile zisizogandisha hapana, na saruji nyeupe ya kati ya vigae yanaitia madoa. Kijiko kimoja na sabuni kinatoa harufu ya samaki mikononi.

Mtaa wa Pili
Ukiyachoma yanafukuza mbu, kweli?

jiko_safi
Moshi ni moshi. Tumia chandarua. Na mbwa asiyafikie, kafeini ni sumu kwake.

Mwana wa Ilala
Ni robusta. Nimeelewa kipimo cha ndoo, ila majani makavu ndoo tatu kila siku mjini nitayatoa wapi?

Shambani Kidogo
Siyo kila siku, unayakusanya. Maranda kwa fundi seremala, ila ya mbao isiyopakwa dawa.

Bi Mkubwa wa Tanga
Na majani ya chai yanaingia humohumo?

kahawa_chungu
Yanaingia. Lakini kwanza atuambie kashata anauza za karanga au za nazi.