Fundi anasema nikijenga ndani ya kiwanja changu sihitaji kibali, ni kweli?

dirisha_la_nyuma:
Wakuu habari zenu. Nina nyumba ya kawaida ya chini, nataka kuongeza chumba kimoja na choo kwa nyuma, halafu ule ukuta kati ya sebule na jiko tuutoe pawe wazi. Fundi kaja kapima kwa macho akasema hiyo kazi ndogo, ipo ndani ya uzio, haina haja ya kibali, na watu wa halmashauri wakija yeye ataongea nao. Hapo kwenye "ataongea nao" ndo nimeshtuka. Sasa sijui pa kuanzia, nichoreshe ramani kwanza au niende ofisini? Na je hata vigae na rangi ni kibali? Baadaye Mungu akijalia nataka nipandishe ghorofa. Lugha rahisi tafadhali.

bati_jekundu:
Jenga tu mkuu, kiwanja chako nyumba yako. Aliyelala usimwamshe.

kamba_na_pima:
@bati_jekundu ushauri mtamu sana huo mpaka siku unapewa amri ya kusimamisha kazi na zege liko kwenye toroli.

Mleta mada, kiwanja ni chako hakuna anayebisha, ila kibali hakiulizi hilo tu. Wanaangalia umeacha nafasi kiasi gani toka mpakani, majengo yamekula sehemu gani ya kiwanja, maji ya bati lako yanamwagikia kwa nani, na moto ukiwaka kwako utamrukia jirani au la. Hiyo ya moto ina historia ndefu, London ilivyoungua 1666 sheria ya mwaka uliofuata ikalazimisha kuta za nje ziwe za matofali au mawe, na mambo ya "kiwanja changu" hayakusikilizwa hata kidogo.

Rangi, vigae, kubadili mlango kwenye tundu lilelile, sehemu nyingi hawakusumbui. Shida inaanza ukiongeza eneo, ukigusa kitu kinachobeba mzigo, ukibadili matumizi (stoo imekuwa duka) au ukiongeza maji taka. Wewe umeshika vitatu hapo kwa mpigo, kwa hiyo fundi wako kakudanganya au hajui, na sijui lipi afadhali.

Anza ofisini, mchoraji baadaye. Chora kwa mkono wako kwenye karatasi, kiwanja, nyumba ilipo, chumba kipya kitakaa wapi, choo kitamwaga wapi, umbali mpaka mpakani, nenda nayo kaunta ya vibali uulize kama hapo panajengeka na wanataka michoro gani. Maana kila halmashauri ina sheria zake ndogo. Kuna watu wanalipia seti nzima ya michoro ndo wanaambiwa chumba kimekaa juu ya bomba la maji taka la umma, hela imeenda hiyo. Na upime kutoka kwenye bikoni (yale mawe ya mpaka yaliyowekwa na wapima ardhi), sio kwenye uzio, uzio mwingi haujakaa mpakani kabisa.

nondo_kumi_na_mbili:
Naongezea la ukuta kwa sababu hapo ndo naona hatari kubwa na watu wanaipita haraka. Mambo ya kugonga ukasikiliza mlio hayakwambii kitu. Panda darini uangalie, kama kenchi (zile mbao zinazobeba paa) au slabu (sakafu ya zege ya juu) imelala juu yake basi ukuta huo unabeba mzigo. Unaweza kutolewa vizuri tu, ila kwanza unategemeza huko juu, halafu inawekwa bimu ya zege au ya chuma, na bimu lazima ipate pa kulala pande zote mbili. Sasa angalia, mzigo uliokuwa umesambaa kwenye ukuta mzima unashuka sehemu mbili tu, kwa hiyo na msingi chini ya hizo sehemu mbili lazima upigiwe hesabu, na hesabu hiyo ni ya injinia na aweke sahihi yake kwenye mchoro.

Ghorofa mwambie injinia SASA hivi usisubiri Mungu ajalie kwanza, maana msingi wa nyumba ya chini ulijengwa kwa uzito wa nyumba ya chini. Rana Plaza kule Bangladesh, 2013, ghorofa za juu ziliongezwa bila kibali, jengo likashuka, wakafa zaidi ya watu 1,100. Lile lilikuwa na viwanda na majenereta, sikufananishi nalo, ila kupandisha juu ya kitu ambacho hakikupimwa ni kosa lilelile.

dirisha_la_nyuma:
Aisee asanteni. Sasa fundi anasema basi kama ni lazima, kibali kitoke kwa jina lake ili kiwahi. Na kikishatoka ndo yamekwisha?

mama_wa_linta:
Kibali kitoke kwa jina la mwenye kiwanja, fundi anaweza kuondoka kesho wewe ukabaki na nyumba na barua. Kuhusu kuwahi, mafaili mengi yanarudi kwa vitu vidogo, jina kwenye hati halifanani na la kwenye fomu, mchoro hauna sahihi ya mtaalamu, banda la nyuma halijaonyeshwa, au dirisha lipo kwenye plani ila ukiangalia mchoro wa ubavuni halipo. Wakikurudishia na maoni hujanyimwa, rekebisha rudisha.

Kikitoka hayajaisha, kuna ukaguzi. Mara nyingi ni mitaro ya msingi, nondo kabla ya kumwaga, mabomba na waya kabla ya plasta, halafu wa mwisho. Siku ya nondo na wewe uwepo. Nondo za msingi zisilale kwenye udongo, ziinuliwe na vijiwe vya zege, pale zege linapogusana na udongo moja kwa moja kava (unene wa zege linalofunika nondo) inayotakiwa kwa kawaida ni milimita 75. Mafundi watakwambia tutazivuta juu wakati wa kumwaga. Hawazivuti. Na ukimwaga kabla mkaguzi hajaja anaweza kukwambia ufukue.

Soma pia kibali chako kinaisha lini, usipoanza kazi kwa muda uliopangwa unaomba upya. Ile karatasi ya ukaguzi wa mwisho itunze, siku ya kuuza au ya benki ndo utaitafuta.

bati_jekundu:
Na bima je, nyumba ikiwa na chumba kisicho na kibali?

mama_wa_linta:
Soma mkataba wako, ila ukiwapa hiyo sababu usishangae wakiitumia kukataa kulipa.

dirisha_la_nyuma:
Sawa, naenda na mchoro wangu wa mkono. Fundi nimemwambia asubiri, kanuna.

kamba_na_pima:
Anune tu. Akikuomba hela ya saruji kabla kibali hakijatoka usimpe, itagandia stoo.