Tupeane uzoefu: Kabla hujauza mashua yako ya tanga, ulitengeneza nini na ukaacha nini?

Wa Nakiwogo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za ziwani. Nina mashua ya tanga ya faibaglasi, futi 22, ina kijichumba cha kulala watu wawili na injini ya kupachika, Yamaha ya farasi 15. Naifunga Entebbe, upande wa Nakiwogo. Kazi inanihamishia Gulu, na Gulu hakuna ziwa, kwa hiyo inauzwa.

Shida ni kwamba kila anayeipanda anashuka na ushauri wake. Huyu anasema nunua tanga jipya, yule piga rangi, mwingine weka sola na taa. Shemeji yangu yeye anataka nibadilishe injini nzima! Nikijumlisha yote, heri ninunue mashua nyingine.

Aliyewahi kuuza chombo cha tanga hapa Uganda, kidogo kwa kikubwa, mbao au faibaglasi, atuambie: pesa ulitia wapi, mnunuzi alilipia nini, na nini hakukitupia hata jicho. Nadharia tuiweke pembeni.

Kaskazi wa Jinja

Nimeuza Laser, zile mashua ndogo za tanga za mtu mmoja, tena si moja. Siku hizi jina lake la mashindano ni ILCA, tangu 2019, lakini huku tunaendelea na la zamani. Mnunuzi wa Laser huwa anaijua kuliko wewe. Rangi haimshughulishi. Atamimina maji kwenye tundu la mlingoti na kusubiri aone kama yanashuka, halafu atashika pua ya mashua ainyanyue. Ganda tupu, bila mlingoti wala vifaa, lina uzito wa kilo 59. Kama limekunywa maji, mikono itamwambia kabla ya mizani.

Ya mwisho kuuza, tundu lilikuwa linavuja. Nililiziba kwa epoksi na kitambaa cha faibaglasi, nikafungua vizibo vyote, nikaiweka kivulini huku kifeni kinapuliza ndani mpaka ikakauka kabisa. Hiyo ndiyo kazi iliyonirudishia pesa zaidi ya nilizotumia, kwa sababu tundu likiachwa linavuja, siku ya upepo mkali mlingoti unaweza kuipasua sitaha ukatoka nayo. Wapiga mashindano wote wanalijua hilo.

Tanga nililiacha na uchovu wake. Fikiria: tanga rasmi la mashindano ni ghali, na mtu anayejifunza hatakulipa tofauti. Ukimwekea la kuiga, mshindani analivua siku hiyohiyo. Nilimwonyesha mnunuzi bei za yote mawili, nikashusha kidogo, akajichagulia.

Halafu kuna kigari cha kusukumia. Magurudumu yake yalikuwa yamekufa, nikaweka ya toroli la ujenzi. Pesa ya chai tu. Ila mashua inayoteremka hadi majini bila kuita vijana wanne wa kubeba, mtu anaijaribu mara mbili. Na anayeijaribu mara mbili hununua.

Fundi Kasenyi

Mimi niko upande wa pili. Naunda na kukarabati za mbao, na wanunuzi huniita niwakagulie. Nikikuta chombo kinanukia rangi, najua leo kisu changu kina kazi.

Watu wa pwani wanaambiana mbao huliwa na wadudu wa bahari. Huku wadudu hao hawapo, maji ni baridi matamu. Adui wetu ni mvua. Maji ya chumvi yanasaidia mbao isioze, ya mvua yanaiozesha, hasa pale yanapotuama: miguuni mwa taruma (mbavu za mashua), chini ya ubao wa kukalia, nyuma karibu na usukani. Mkuku (uti wa chini) wa mvule utaishi kuliko mwenye chombo, lakini mbao laini zilizopigiliwa juu yake zinataka kutazamwa kila mwaka.

Kuna mzee mmoja aliipaka yake buluu na nyeupe, ndani na nje, ikang'aa. Kumbe mbao zilikuwa bado zina unyevu. Nilibonyeza kisu kwenye taruma la nyuma kikaingia mpaka kwenye mpini. Mnunuzi akataja bei chini ya ile aliyokuwa ameitaja mwenyewe wiki moja nyuma, kabla ya rangi.

Kwa hiyo mimi husema: kalafati upya. Pamba mpya kwenye maungio, bati jipya juu yake, na misumari iliyolia kutu itolewe. Ndani kusiwe na rangi, mtu aone mbao. Nje paka kama roho inataka.

Wa Nakiwogo

Fundi asante. Na sisi wa faibaglasi je?

Mpwani Entebbe

Nimetokea Kilifi, ndugu yangu, nikaja huku na mazoea ya bahari, mengine yakawa hayana kazi. Chini ya mashua usihangaike na rangi ya kuzuia uoto kwa ajili ya kuuza. Zile chaza na kome za mawe zinazotutesa baharini ziwani hakuna, kuna utelezi wa kijani tu. Ipandishe ufukweni, sugua kwa brashi na maji, basi.

Lakini kuna jambo moja ambalo maji baridi ni mabaya kuliko bahari, nalo ni malengelenge ya faibaglasi. Maji yasiyo na chumvi hupenya kwenye ganda kwa nguvu zaidi. Ipandishe mapema, itazame chini ikiwa bado imelowa. Ukiona vipele vichache vidogo, mwambie mnunuzi na uviache. Kukwangua ganda zima, kulikausha na kulipaka epoksi ni gharama ambayo futi 22 haiwezi kuirudisha, sahau. Ukiona kubwa kama kiganja, zungumzia bei.

Injini: mshikilie shemeji asiende dukani. Badilisha plagi, safisha kabureta, mafuta ya gia, pampu ya maji kama mkojo wake, yale maji ya kupozea yanayotoka nje, ni mwembamba. Tazama pia kile kipande cha madini kinachojitoa mhanga kwa kutu. Kama ni zinki, zinki ni ya bahari. Maji baridi yanataka magnesi. Ni kitu kidogo, lakini mnunuzi anayekijua atakuheshimu. Lililo kubwa ni injini iwake kwa kuvuta mara moja au mbili, ikiwa baridi, mbele yake. Usiipashe moto kabla hajafika, watu hugusa kifuniko!

Waya za mlingoti: pitisha kitambaa kutoka juu hadi chini. Kikinasa, kuna uzi umekatika, na waya huo unabadilishwa, hapo hakuna mjadala. Mlingoti ukianguka wakati wa kujaribu, biashara imekufa na pengine mtu pia. Henza (kamba ya kupandishia tanga) na demani (ya kulivutia) zilizokakamaa kwa jua badilisha, kamba ni rahisi, na ndicho kitu cha kwanza mkono wa mnunuzi unachoshika.

Mama wa Majanji

Hamjambo. Zetu huku Busia ni za kazi, si za starehe, ila nina la kusema kuhusu futi.

Marehemu mume wangu aliacha mashua mbili za tanga. Moja ndefu, moja ya futi 24. Nilitaka kuiongezea hiyo fupi mbao mpya, tanga jipya la turubai, niiuze kwa bei nzuri. Kaka yangu akauliza swali moja: nani atainunua? Jeshi lilipoanza kusimamia uvuvi mwaka 2017, chombo cha kuvulia ziwa Victoria kilicho chini ya futi 28 kikawa kinakamatwa. Mvuvi haji na kisu kwanza, anakuja na utepe wa kupimia. Hata ungeipaka dhahabu.

Fundi alisema kuirefusha inawezekana, akataja bei, nikaona inakaribia mpya. Basi ile fupi niliiuza kama ilivyo, kwa mtu wa kubeba matofali na mchanga karibu na ufuko. Tanga na mlingoti nikaviondoa nikaviuza peke yake kwa mwenye mashua ndefu, nikapata karibu nusu ya bei ya chombo kizima. Dada zangu mlio na vyombo, jifunzeni kuvunja bei vipande vipande.

Kaskazi wa Jinja

Mama wa Majanji umenena. Hata injini huwa inauzika vizuri zaidi ikiwa peke yake. Yamaha ya 15 ina wateja kila mwalo, mashua ya tanga inangoja mtu wake.

Afande Mstaafu

Mnazungumza rangi na waya, karatasi ziko wapi? Nilinunua na kuuza pale Port Bell. Mnunuzi wa kweli anauliza: risiti ya injini, namba ya injini inalingana na karatasi? Chombo kimesajiliwa kwa jina lako au la mtu aliyerudi Ulaya zamani? Sheria ya usafiri wa majini ya 2021 inataka usajili, na kama jina si lako, hiyo ndiyo kazi ya kwanza kabla ya kununua hata msasa. Mimi nilikawia kuuza kwa sababu hiyo tu, si kwa sababu ya chombo.

Na jaketi za kuokolea. Tangu boti ya starehe Templar izame Novemba 2018 kule Mukono, mtu mwenye familia huuliza jaketi kabla ya kuuliza spidi. Nunua nzima, za saizi za watoto pia. Mke wa mnunuzi wangu alizihesabu mwenyewe.

Buibui wa Kigo

Jina langu linaeleza. Safisha ndani! Buibui, kinyesi cha ndege, magodoro yenye ukungu. Yangu ilikaa bila mteja, nikatupa magodoro, nikaosha kwa sabuni na siki, nikaacha milango wazi. Aliyekuja baadaye hakuuliza hata magodoro yako wapi.

Wa Bugala

Naomba kutofautiana na wazee. Mnasema urembo haulipi. Inategemea nani ananunua. Mimi niliiuza yangu kwa mwenye nyumba ya wageni hapa Ssese. Yule bwana hakugusa waya hata mmoja. Alitaka picha: watalii wakae mbele, tanga jeupe nyuma yao, jua linazama. Nilikuwa nimeshona mito mipya, nimepiga vanishi mbao za mlangoni, nimeosha tanga (sabuni laini na maji, msitumie jiki, inaua nyuzi). Mito alinilipia yote, na ya juu. Sola na friji nilivyokuwa nimeweka miaka ya nyuma alisema atoe, nafasi ni ndogo.

Mpwani Entebbe

Bugala, nakubali kwa mito. Ila ulimwambia hali ya waya?

Wa Bugala

Nilimwambia, na nilimwandikia. Mmoja nilikuwa nimeubadilisha.

Wa Nakiwogo

Nimesoma yote. Hadi sasa orodha yangu: waya mmoja wa kushoto umenasa kitambaa, huo unabadilishwa. Kamba mpya. Injini ipelekwe kwa fundi isafishwe. Jina kwenye usajili ni langu, namshukuru Mungu. Magodoro yanatupwa. Tanga jipya hapana, sola hapana. Kilichobaki ni sitaha: karibu na mguu wa mlingoti, nikikanyaga panabonyea kidogo. Shemeji anasema nibandike zulia la kuzuia kuteleza juu yake, hakuna atakayejua.

Fundi Kasenyi

Shemeji wako aendelee na kazi yake ya zamani. Nitajua mimi kwa unyayo, hata kama nimevaa gambuti. Hapo mbao ya katikati ya faibaglasi imelowa na mlingoti unaikandamiza. Gonga kwa mpini wa bisibisi kuzunguka, weka alama ya chaki pale sauti inapogeuka kuwa butu. Kama alama haizidi upana wa sahani, fungua, badilisha mbao, funga. Ni kazi ya maana, italipa. Kama imefika hadi kwenye mlango wa kijichumba, usiiguse, piga picha ya chaki uiweke kwenye tangazo na ushushe bei.

Wa Nakiwogo

Nimegonga jioni hii. Ni kubwa kuliko sahani, haijafika mlangoni. Katikati hapo tunafanyaje, fundi?

Fundi Kasenyi

Nitumie picha, na uniambie sitaha hapo ina unene gani. Jumamosi nakuja Nakiwogo kwa kazi nyingine, nitapita. Usipake kitu.